Wasafiri wa Majitamu

Nchi ninayoisimulia hapa haimo kwenye ramani. Mchora ramani alipokuja kuipima alikuta ofisi zote zimefungwa kwa ajili ya semina, akasubiri siku nne, akaondoka zake. Wenyewe wanaiita Jamhuri ya Shwari. Ukiona inafanana na nchi unayoijua, hayo ni macho yako, kapimwe. Mimi nilikuwa karani daraja la tatu katika Idara Kuu ya Idadi, na haya nitakayoyasema niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri, Mungu anisamehe.

Ndani ya Shwari kuna mji mdogo uitwao Majitamu. Ulikuwa na kisima cha zamani ambacho hakuna aliyewahi kukilalamikia. Serikali ikaja na maendeleo. Ikakifukia kisima, ikachimba bomba la kupampu kwenye mteremko, hatua ishirini chini ya machinjio, pale pale damu na kinyesi na maji ya kuoshea matumbo ya ng'ombe yanapoteremkia. Mheshimiwa Fahari, Waziri wa Afya na Sifa Njema, ambaye pia ndiye mbunge wa hapo, akaja kulizindua. Alikata utepe, akapigwa picha ameshika bilauri, hakuonja. Likabandikwa kibao cha shaba, na wakawekwa askari wawili wa kulilinda, kwa sababu ulikuwa mradi wa kitaifa. Maji yalitoka na rangi ya chai ya maziwa, na siku nyingine yalitoka na unywele wa mkia. Haikupita miezi mitatu watu wakaanza kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, na mtu aliyeanza asubuhi alikuwa hafiki jioni.

Muuguzi wa zahanati ya Majitamu aliitwa Siwatu. Zahanati ilikuwa na kitanda kimoja, mizani ya watoto na picha ya Rais. Siwatu aliandika barua: lifungeni bomba, watu wanakwisha. Akajibiwa kwamba kwa mujibu wa sheria bomba la kitaifa halifungwi ila kwa saini ya Waziri, na Waziri hatii saini mpaka vifo vya maradhi ya tumbo vifike kumi kwa kila watu elfu moja. Ikiwa ana idadi hiyo, ailete. Ikiwa hana, aendelee kulitangaza bomba.

*

Siwatu alikuja mwenyewe. Alipanda lori la mkaa, akafika makao makuu akiwa mweusi hadi kwenye kope, akasimama mbele ya meza ya Mkurugenzi wetu, Dakta Mshindo. Dakta alikuwa na shahada tatu ukutani na sambusa mbili mkononi.

"Jina lako nani, dada?"

"Siwatu."

"Ndiyo maana barua yako ilinipa shida. Idara hii inashughulika na watu." Akacheka mpaka chembe za sambusa zikamwangukia kwenye tai. Nasi makarani tukacheka, kwa kuwa ndiyo kazi.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba bomba lifungwe. Wiki hii peke yake nimeosha maiti saba."

"Maiti si takwimu, dada yangu. Takwimu ina chanzo. Sisi tuna vyanzo vinne, vyote vya kisasa. Ngwali, msomee."

Ngwali ndiye mimi. Nikafungua jalada nikamsomea.

Chanzo cha kwanza ni sensa, na uzuri wa sensa ni kwamba inamhesabu kila mtu. Ya mwisho ilifanyika miaka kumi na minne nyuma. Majitamu walihesabiwa siku ya mnada wa ng'ombe, kwa vile wakubwa walitaka mji uwe wilaya. Kila aliyekuja kuuza alihesabiwa akiingia na akahesabiwa akitoka, na ng'ombe waliokuwa na majina nao hawakubaguliwa. Zikapatikana roho elfu arobaini na moja. Majitamu ikawa wilaya, Mheshimiwa Fahari akapata jimbo. Watu wenyewe, ukiwaita mmoja mmoja, hawazidi elfu moja na mia tisa.

Chanzo cha pili ni daftari la vifo, na uzuri wake ni kwamba kila kifo kina jina, tarehe na sababu. Ofisi ya msajili iko kilomita themanini kutoka Majitamu, hufunguliwa Alhamisi, na sababu za kufa zinazokubaliwa ni tatu: ajali, uzee na mapenzi ya Mungu. Mwaka ule kutoka Majitamu walisajiliwa wawili tu, wote kwa mapenzi ya Mungu, na Mungu si maradhi ya tumbo.

Cha tatu ni kumbukumbu za hospitali. Hizi uzuri wake ni kwamba zinaandikwa na daktari aliyemwona mgonjwa kwa macho. Hospitali yetu kubwa haikuwa na kifo hata kimoja cha tumbo. Mgonjwa akianza kukata roho alikuwa anapewa rufaa, anakatia roho barabarani, na barabara ni ya wizara nyingine.

Cha nne ni utafiti kwa njia ya simu. Huu nao ni wa haraka. Tulipiga simu elfu moja, zote mitaa ya karibu na wizara kwa sababu ndiko mtandao ulikokuwa mzuri, tukauliza: Je, katika miezi kumi na miwili iliyopita, wewe binafsi umewahi kufa? Asilimia mia moja walijibu hapana. Mzee mmoja alijibu kwamba anakufa kila siku kwa ajili ya serikali hii, akapelekewa polisi, akabadili jibu.

"Umesikia mwenyewe," Dakta Mshindo akasema, huku akijipangusa mafuta kwa barua ya Siwatu. "Vyanzo vinne, na vyote vinasema hakuna aliyekufa kwa tumbo. Sasa niviamini hivyo au nikuamini wewe uliyepaka masizi?"

"Waliokufa wamefia nyumbani," Siwatu akasema. "Hawana simu, hospitali hawakufika, na msajili hawamjui. Tumeni mtu aulize mlango kwa mlango."

Dakta aliinua kichwa. Mlango kwa mlango maana yake magari mapya. Kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama Siwatu kama binadamu.

*

Nikatumwa mimi. Magari mapya yalikuja, yakabaki makao makuu, nami nikaenda na lori lile lile la mkaa nikiwa na fomu zangu. Fomu ilikuwa na masanduku matatu kwa kila jina. La kwanza: Yupo. La pili: Ameondoka, taja alikokwenda. La tatu: Amekufa, ambatanisha cheti.

Sasa lazima nieleze jambo moja la watu wa Majitamu. Hawasemi "amekufa" kwa mtu wao, na kwa mtoto ndiyo kabisa. Neno hilo kwao ni la mbuzi na kuku. Ulimi ukilitamka ndani ya nyumba, wanaona umemwita anayefuata. Mtu wao hutangulia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Mize, bibi kizee aliyekuwa akisuka ukili mlangoni. Pembeni yake alikaa mjukuu wake Mwatima, wa miaka sita, ameshika kikombe. Nikachungulia ndani ya kikombe, nikatamani nisingechungulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Humu ndani mko wangapi?"

"Mimi na huyu."

"Walikuwapo wengine?"

"Walikuwapo wajukuu zangu wawili, Jabu na Tatu."

"Wako wapi?"

"Wametangulia."

"Wametangulia wapi, bibi?"

Alinitazama kwa huruma, akidhani labda nimelelewa msituni. "Mbele ya haki, mwanangu."

Mimi nilijua. Nataka hilo lieleweke, nisijitie usafi nisiokuwa nao. Nilijua kabisa anachosema. Ila sanduku la tatu lilitaka cheti, cheti hana, na mwongozo ulisema karani atakayeleta fomu pungufu atashushwa daraja. Chini ya daraja la tatu kuna kufagia. Nikatia alama sanduku la pili, na pale palipoandikwa "alikokwenda" nikaandika kwa herufi kubwa: MBELE YA HAKI. Nyumba ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, mpaka nikamaliza mji. Walitimia mia tatu na kumi na wawili.

Siwatu alinikuta nikifunga mafurushi. Akachomoa fomu moja, akasoma, akachomoa nyingine.

"Umeandika nini hapa, Bwana Ngwali?"

"Walichoniambia."

"Unawapa maiti safari." Hakupandisha sauti. Alirudisha fomu mahali pake, akaenda kunawa mikono.

*

Makao makuu matokeo yalipokelewa kwa shangwe. Katika historia ya Shwari hapajatokea wilaya iliyopeleka watu wengi hivyo mahali pamoja. Dakta Mshindo aliuliza Mbele ya Haki iko upande gani, na naibu wake akajibu bila kupepesa kwamba ni mwendo mfupi kutoka Uarabuni. Wizara ya nje ikaandika barua ya kuomba urafiki. Mheshimiwa Fahari akasema huo ndio uchumi mpya, akafunga safari kwenda jimboni kutoa pongezi. Alikwenda na turubai, bendi ya magereza, redio ya taifa, na katoni arobaini za maji ya chupa kwa ajili ya meza kuu.

"Ndugu wananchi," akasema, "wilaya nyingine zinatoa pamba na kahawa. Ninyi mmetoa watu. Na wataalamu wangu wananiarifu kwamba zaidi ya nusu ya wasafiri wenu ni watoto wa chini ya miaka mitano. Nani mwingine duniani anaweza? Wamekwenda bila pasi, bila mizigo, bila kuisumbua serikali. Ninachowaomba wazazi, mkiongea nao, waambieni wasisahau nyumbani. Na mimi nawaahidi hapa hadharani, kabla mwaka haujaisha nitaongoza ujumbe mzito kuwatembelea huko huko Mbele ya Haki."

Bendi ikapiga. Mama waliokaa chini ya turubai walitazamana. Wapo waliodhani anawatania, na wapo waliodhani amerukwa na akili. Mmoja alikuwa na matiti yaliyojaa maziwa yamelowesha kanga, na mtoto wa kunyonya hana. Nilikuwa nimekaa meza kuu na chupa yangu ya maji. Nilijichukia, lakini niliyanywa.

Bi Mize akasimama. Hakupewa kipaza sauti, na hakukihitaji.

"Mheshimiwa, wajukuu zangu wamekufa."

Wazee wengine waliziba masikio.

"Jabu amekufa. Tatu amekufa. Wamekufa kwa maji ya bomba lako, wakiharisha mikononi mwangu. Nimebakiwa na huyu mmoja, na leo asubuhi ameyanywa kwa sababu hakuna mengine. Lifunge."

Akasimama mwingine, akasema wa kwake amekufa. Akasimama wa tatu. Wakasimama wote, safu kwa safu, kila mmoja akilitaja neno hilo na jina la mtu wake, na wengine lilikuwa likiwatoka kwa kusukumwa, maana hawakuwahi kulitamka. Redio ya taifa ikaingiza taarabu. Mheshimiwa alikuwa ndani ya gari kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

*

Lakini serikali yetu ni sikivu. Juma lililofuata kiliitwa kikao, Siwatu akaalikwa na kupewa kiti. Ikaamriwa kwamba wasafiri wote mia tatu na kumi na wawili wahamishwe kutoka sanduku la pili kwenda la tatu, na vyeti vyao vitolewe kwa mkupuo, sababu ya kifo: maradhi ya tumbo yaliyopatikana safarini.

"Basi lifungwe leo," Siwatu akasema.

Dakta Mshindo alivuta kikokotoo. "Mia tatu na kumi na wawili, gawanya kwa elfu arobaini na moja. Tunapata saba nukta sita kwa kila elfu. Sheria inataka kumi."

"Hao elfu arobaini na moja hawapo, Mheshimiwa. Tuko elfu moja na mia tisa. Katika kila watu sita amekufa mmoja."

Dakta alivua miwani, akamkazia macho. "Binti, unanitaka mimi niwaondoe duniani watu elfu thelathini na tisa na mia moja kwa kalamu? Hayo ni mauaji ya halaiki. Na ni wapiga kura wa Mheshimiwa."

Nadhani huruma ikamwingia Dakta, maana alilainisha sauti na kumsogezea sahani ya sambusa.

"Usivunjike moyo. Zinatakiwa maiti mia nne na kumi, mnazo mia tatu na kumi na mbili. Zimebaki tisini na nane tu. Kwa kasi mliyo nayo, kabla ya mfungo mtakuwa mmefika."

Nimekaa serikalini miaka ishirini na sita, nimemeza mengi. Lile lilinikwama, na mpaka leo nikiona sambusa huinuka nikatoka nje.

*

Siwatu aliwakusanya watu uani kwa zahanati, akawaambia ukweli wote. Mimi nilikuwapo, nimetumwa kufuatilia maendeleo. Bi Mize akauliza.

"Hao tisini na wanane wafe, au waandikwe?"

Siwatu alinigeukia, wakanigeukia wote. Katika utumishi wangu nilisema jambo moja tu lenye manufaa, na ndilo hilo.

"Waandikwe, bibi. Idara haijawahi kuona maiti."

"Basi niandike mimi."

Wakajitokeza watu wazima tisini na wanane, watoto wakakatazwa. Alhamisi tarehe tisa wakapanda malori ya ng'ombe mpaka kwa msajili. Kanuni inataka kitambulisho halisi cha marehemu na mashahidi wawili. Haisemi marehemu asiwepo. Msajili alikiri kwamba miaka yote taarifa za vifo huletwa na watu waliopoteza karatasi, ila hawa walijipanga mstari, kila mmoja na kitambulisho chake kimefutwa vumbi.

"Marehemu nani?"

"Mimi," akasema Bi Mize, aliyekuwa mbele.

"Sababu?"

"Maji."

"Hiyo haimo."

"Tumbo, kama wale waliotangulia."

"Pole kwa msiba, mama. Weka dole hapa." Akagonga muhuri, akaita mwingine. Hadi saa tisa alasiri alikuwa amemaliza tisini na wanane, na njiani kurudi malori ya marehemu yaliimba mpaka sauti zikakauka. Tangu nilipofika Majitamu sikuwa nimewaona wakicheka.

Mia nne na kumi. Kumi kwa elfu, kamili. Dakta Mshindo alikokotoa mara tatu, na kwa kuwa sheria ni sheria, Waziri akatia saini. Ila bomba lililofunguliwa kwa sherehe haliwezi kufungwa kienyeji. Utepe ulibidi uagizwe, bendi ilikuwa na ratiba, hotuba ilirudishwa mara mbili kwa sababu ya vituo vya mkato. Zikapita siku kumi na mbili, askari wakiendelea kulilinda na watu wakiendelea kuteka. Lilifungwa tarehe ishirini na moja. Jioni ile ile vijana wakafukua kisima cha zamani, na Mwatima akanywa maji yanayoonyesha kitako cha kikombe.

Bibi yake alikuwa ameanza kuharisha jana yake.

Wizara, kwa kuwa ilikuwa sikivu, ilileta pia dawa: makasha ya dripu, pamoja na msimamizi wa kuyatunza na orodha ya walio hai. Siwatu alimpeleka Bi Mize kwa machela. Msimamizi akapitisha kidole kwenye orodha, akarudia, akafunga kasha.

"Huyu ni marehemu. Marehemu hatundikiwi dripu. Nitajibu nini ukaguzi?"

Siwatu aliliparamia kasha kwa mikono. Wale askari wawili, ambao sasa hawakuwa na bomba la kulinda, wakamshika. Akakoroga maji ya chumvi na sukari, akamnywesha kwa kijiko siku nzima na siku ya pili, na kila alichomnywesha kilitoka. Mimi nilishika beseni. Harufu yake siielezi, kwa kuwa tangu hapo naisikia kwenye vitu vingine, kwenye mazulia ya wizara hasa. Tarehe ishirini na tatu, adhuhuri, Bi Mize akafa.

*

Alhamisi iliyofuata Siwatu alifika kwa msajili na kitambulisho na mashahidi wawili. Nami nilikuwapo, nimekuja kuchukua hesabu za mwezi. Msajili alifunua daftari, akatikisa kichwa.

"Huyu yumo tayari. Mtu hafi mara mbili kwenye daftari moja."

"Alikufa wiki iliyopita."

"Alikufa tarehe tisa. Muhuri huu hapa, na dole lake hili hapa. Alisaini mwenyewe, kuna ushahidi gani zaidi ya huo?"

Mezani mbele yangu palikuwa na taarifa ya Dakta Mshindo iliyongoja tarakimu moja tu. Ilisema kwamba tangu bomba lifungwe vifo vya Majitamu ni nafasi iliyoachwa wazi, na kwamba kwa ushindi huo Mkurugenzi anapendekezwa kupewa nishani. Siwatu aliisoma kichwa chini miguu juu. Kisha akanigeukia.

"Bwana Ngwali, wewe ulikuwapo. Wewe ndiye uliyeshika beseni. Mwambie huyu bwana, Bi Mize amekufa lini?"

Msajili naye alinitazama, kalamu mkononi. Ilikuwa imebaki miaka minne nistaafu. Nikajaza sifuri kwenye ile nafasi, nikalivuta daftari karibu, nikasafisha koo, nikamjibu Siwatu kwa sauti yangu ya ofisini.

"Kwa mujibu wa daftari, dada, Bi Mize alifariki tarehe tisa, akiwa buheri wa afya."